Gari Linamisi, Gari Linazima: Tafuta Kiini Kabla ya Kununua Spea

Masika yaliyopita mzee mmoja anayebeba viazi na vitunguu kutoka soko la Kongowea aliniletea Probox yake pamoja na kigunia. Ndani ya kigunia mlikuwa na plagi nne, koili mbili na pampu ya petroli, vyote vimetolewa kwenye gari hilo katika muda wa majuma matatu. "Fundi," akaniambia, "kila ninapokwenda nauziwa kitu, na ugonjwa ni ule ule." Gari lilikuwa likimisi, yaani injini ikiruka mapigo, akipanda kutoka Kibarani kwenda Changamwe, na siku mbili kabla lilimzimia katikati ya daraja la Nyali, saa za watu kutoka kazini.

Nikazipima zile koili. Nzima. Pampu nayo nzima. Kilichokufa ni waya wa athi, ule mkanda bapa uliosukwa kwa shaba unaounganisha injini na bodi. Chumvi ilikuwa imeula mpaka kwenye bolti pamebaki unga wa kijani. Nilifunga mkanda mpya, nikakwangua chuma mpaka kikang'aa, na mzee akaondoka. Fedha alizokuwa amemaliza kwenye kigunia kile zingemlipia ada ya mjukuu wake, na hilo liliniuma kuliko ugonjwa wa gari wenyewe.

Ndiyo maana nayaandika haya. Gari linalomisi au kuzima huwa linasema kinacholiuma, na kulisikiliza ni bure.

Lilikufaje?

Ukiniletea gari linalozima, sianzi kwa kufungua boneti. Nakuuliza lilikufaje, na nakuomba usiniambie "lilizima tu". Vifo vya injini viko vya aina tatu, na kila aina ina jamaa zake.

Liko gari linalokatika kama taa stima ikipotea. Unakwenda, redio inaimba, ghafla injini kimya. Halikukohoa wala halikushtuka. Hapo mimi hutafuta umeme: sensa ya krenki (kipima mzunguko wa shafti kuu ya injini), swichi ya funguo, relei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), athi, au alamu iliyofungwa ovyo.

Liko linalokufa kwa kuishiwa pumzi. Unakanyaga akseleta, halivuti. Linashtuka mara mbili tatu, ukiachia linapata nafuu, ukikanyaga linashtuka tena, mwisho linazima. Hilo lina njaa ya mafuta.

La tatu halina neno likiwa mwendoni. Linazima ukiachia akseleta kwa ajili ya matuta, au ukisimama kwenye foleni na easi (kipoza hewa) inavuma. Hilo mara nyingi ni suala la hewa.

Kwenye gari la gia za mkono kuna ushahidi mmoja ambao madereva wengi huupita. Likikatika huku bado liko ndani ya gia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini. Tupia jicho mshale wa mizunguko. Ukianguka sufuri papo hapo ilhali injini bado inazungushwa, kompyuta haipati habari kutoka kwenye krenki. Ukishuka pole pole pamoja na mwendo, sensa ya krenki inafanya kazi. Nenda kwenye mafuta.

Kumisi ni kitu kingine. Injini haizimi, ila silinda moja inaruka zamu yake. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 750 kwa dakika inachoma mafuta mara 25 kila sekunde. Silinda moja ikilala, kuna pengo zaidi ya mara sita kwa sekunde, na pengo hilo unalipata kwenye kiti, kwenye usukani, na kwenye ekzosi ukiweka kiganja nyuma yake: pumzi, pumzi, pumzi, kisha pengo.

Baada ya hapo nauliza ni lini. Asubuhi injini ikiwa baridi au baada ya safari? Siku ya mvua? Tangi likiwa karibu kukauka? Lilioshwa injini majuzi? Mficha uchi hazai: kama ulimpa kijana wa kuosha magari akaipiga injini maji ya presha, niambie, maana hilo peke yake laweza kutuokolea nusu siku.

Taa ya injini

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, gari linaomba likaguliwe. Ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, wakati gari linamisi, toa mguu kwenye akseleta na usiendelee na safari. Petroli isiyochomwa inakwenda kuungulia kwenye kataliti, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi, na joto lile huiyeyusha. Kataliti ikiyeyuka inaziba ekzosi, na gari ambalo lilikuwa linahitaji plagi moja sasa halivuti kabisa.

Mashine ya kusoma hitilafu siku hizi hata madereva wa teksi wanayo, inaunganishwa na simu. P0301 ina maana silinda ya kwanza imemisi, P0302 ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. P0300 ina maana zinaruka kwa zamu bila mpango. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, P0335 inalalamikia njia ya umeme ya sensa ya krenki, P0340 ile ya sensa ya kamshafti, shafti inayofungua valvu. Zisome, uziandike, ndipo uzifute. Lakini namba hizo zinaonyesha panapouma tu. Nimeona watu wakiona P0303 wanakimbilia koili ya tatu. Mashine haikutaja koili. Ilisema silinda ya tatu haikuchoma mafuta, na sababu za kutochoma ni nyingi.

Kuipata silinda iliyolala

Kama huna mashine, washa injini, iache ingurume bila akseleta, kisha chomoa soketi ya koili moja kwa sekunde chache na uirudishe. Ukichomoa iliyo nzima, injini inayumba na mlio unashuka. Ukichomoa ya silinda iliyolala, hakuna kinachobadilika. Usiiache imechomolewa muda mrefu, kwa sababu ile ile ya kataliti. Kwa magari ya zamani yenye nyaya za plagi, usivute kwa mkono mtupu. Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha kupita 20,000, na mkono wenye jasho la Mombasa ni njia nzuri sana ya umeme.

Umeshaipata, tuseme ni ya tatu. Zima injini. Hamisha koili ya tatu uipeleke ya kwanza, ya kwanza uilete ya tatu, uwashe tena. Ugonjwa ukihamia silinda ya kwanza, koili ndiyo mgonjwa. Ukibaki ya tatu, badilishana plagi. Ukibaki bado, badilishana nozeli, zile zinazopuliza petroli, kama injini yako inaruhusu kuzifikia kwa urahisi. Ukiwa bado umeng'ang'ania ya tatu, pima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa: injini nyingi za petroli zikiwa nzima husoma kati ya 150 na 200 kwa kipimo cha psi, na la muhimu zaidi ni silinda zote zikaribiane. Moja ikisoma 80 wakati wenzake wanasoma 170, hakuna plagi duniani itakayoiponya; ni valvu, ringi au gasketi.

Ngazi hiyo haigharimu hata shilingi mpaka ufike kwenye kompresheni. Fundi anayekwambia ununue koili nne kabla ya kubadilishana hata moja, mwombe kwa heshima abadilishane kwanza.

Plagi inavyozungumza

Ukiitoa plagi, itazame kabla ya kuifuta. Yenye rangi ya biskuti inafanya kazi yake. Nyeusi yenye masizi makavu imelishwa mafuta mengi kuliko hewa. Yenye mafuta ya injini, nyeusi na ya kuteleza, inakuambia ringi au mipira ya valvu imechoka. Nyeupe kama chaki, silinda hiyo inachoma kwa joto kupita kiasi au inavuta hewa ya wizi, ile inayopenya kwenye ufa bila kupimwa. Iliyoloa petroli mbichi haikupata cheche.

Pengo nalo lina maana. Probox ya injini ya lita 1.5 hutumia pengo la milimita 1.1. Plagi ikilika, pengo linapanuka na koili inalazimika kusukuma umeme mkubwa zaidi ili cheche iruke. Hapa ndipo lilipo jibu la swali ninaloulizwa kila wiki: kwa nini gari liko sawa tambarare, na likipanda Mazeras na mzigo linaanza kushtuka? Ukikanyaga akseleta mlimani, silinda inajaa hewa na mafuta zaidi, shinikizo ndani yake linapanda, na cheche inapata taabu kuruka kwenye hewa iliyobanwa. Koili dhaifu inayomudu barabara ya Bamburi inashindwa Mazeras. Basi gari linalomisi kwenye mlima tu, lianzie plagi na koili.

Plagi bandia zimejaa. Boksi ni zuri, maandishi ni mazuri, na ncha ya iridiamu iliyoahidiwa haimo. Tazama ile ncha ya katikati: ya iridiamu ni nyembamba sana na imenyooka, na nne za boksi moja zinafanana kama pacha. Ya iridiamu halisi hufika takriban kilomita 100,000, ya kawaida robo au theluthi ya hapo. Bei ikikushangaza kwa urahisi wake, rudisha boksi.

Sasa maji. Koili nyingi za siku hizi zinakaa juu ya plagi, ndani ya shimo kwenye kava ya valvu. Maji ya kuoshea yakiingia shimoni hayatoki, na cheche inatafuta njia fupi kupitia maji yale badala ya kuruka kwenye plagi. Gari lilikuja kuoshwa likiwa zima, linaondoka likimisi. Dawa ni kuchomoa koili, kupuliza mashimo kwa upepo wa kompresa na kukausha mipira ya koili, basi. Lakini ukikuta shimoni mna mafuta ya injini badala ya maji, gasketi ya kava imekauka na kuvuja, na mafuta yale yatailainisha mipira ya koili mpaka ipasuke. Badilisha gasketi kwanza. Koili mpya ndani ya shimo la mafuta ni fedha ya kutupa.

Kwa nyaya za zamani kuna njia niliyofundishwa nikiwa mwanafunzi na bado naitumia. Usiku, pahali penye giza, washa injini, fungua boneti na unyunyize maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kwenye nyaya za plagi. Waya uliopasuka utauona ukitoa vicheche vya buluu. Usiweke mikono karibu.

Njaa ya mafuta

Pampu ya petroli kwenye magari mengi inakaa ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Dereva anayeishi kwa kutia mafuta ya shilingi mia mbili mia mbili, taa ya tangi ikiwaka kutwa, anaipika pampu yake. Januari mpaka Machi, joto letu likigonga nyuzi 32 na 33, ndipo pampu hizi zinapokuja gereji kwa wingi. Dalili yake: asubuhi gari ni zima, baada ya saa moja ya foleni linapoteza nguvu, linazima, unalipumzisha dakika 20, linawaka na kwenda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku likizima na kukataa kuwaka, mpe mtu apige stata huku wewe unagonga chini ya tangi kwa ngumi au mpini wa nyundo, taratibu. Likiwaka, brashi za pampu zimekwisha. Lifikishe gereji na usilizime njiani. Kwa uhakika zaidi, funga geji ya presha. Ile Probox inatakiwa isome kati ya psi 44 na 50. Presha ikiwa sawa gari likiwa limesimama na ikaporomoka ukilitia mzigo, chujio limeziba au pampu imechoka. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 yana chujio hilo ndani ya tangi pamoja na pampu, na ndiyo sababu linasahauliwa miaka nenda miaka rudi.

Halafu ubora wa petroli yenyewe. Gari likianza kukohoa kilomita chache tu baada ya kutia mafuta, toa kidogo uyaweke kwenye chupa ya kioo, mbali na jiko na sigara, yatulie nusu saa. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatajitenga chini na utaona mstari. Kwa mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka upesi na haiachi kitu, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Uchanganyaji ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili ile tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachanganyaji iondoke. Ukikuta maji au doa, weka risiti na upeleke malalamiko kwa EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli. Tangi litolewe lote lisafishwe. Kuongeza petroli safi juu ya maji hakusaidii, maana pampu inanyonya chini kabisa.

Linazima likipata moto, linawaka likipoa

Foleni ya feri Likoni ni hospitali ya kupimia magari. Dereva amekuja vizuri kutoka mjini, anazima injini akisubiri, anasogea, anawasha, anazima tena. Injini ikizimwa, maji hayazunguki, na joto chini ya boneti huzidi kupanda kwa dakika kadhaa kabla ya kushuka. Sensa ya krenki ya gari nyingi ina waya mwembamba kama unywele uliozungushwa ndani yake. Ukiwa umepasuka, ukiwa baridi unagusana. Ukipata moto unatanuka na kuachana. Stata inazunguka kwa nguvu zote, injini haishiki, magari ya nyuma yanapiga honi. Baada ya robo saa linawaka.

Jaribio langu hapo ni maji ya kawaida, kikombe kimoja, kumwagia sensa ya krenki pole pole, ukijua ilipo na bila kulowesha soketi zake. Gari likiwaka mara baada ya kuipoza, umeshajua. Ukiwa na mashine, tazama mizunguko ya injini wakati stata inazunguka: ikisoma sufuri huku injini inazunguka, jibu ni lile lile. Kabla ya kuinunua, kagua soketi na waya wake, kwani waya uliokwaruzwa na chuma unaiga ugonjwa huu vizuri sana. Sensa hii nunua ya kampuni iliyotengeneza gari, hata kama ni ya mtumba kutoka injini nzima; za bei ya chini sana nimezirudia mara nyingi mno.

Kama joto linaliua na sensa ni nzima, rudi kwenye pampu, kisha kwenye relei yake. Relei ni rahisi: tafuta nyingine inayofanana kwenye boksi la fyuzi, labda ya honi, uzibadilishane kwa siku moja.

Na likikuzimia mwendoni, washa taa za hatari, usirudishe funguo mpaka mwisho kwani usukani utajifunga. Usukani utakuwa mzito lakini unageuka. Breki zina msaada wa kanyago mbili tatu. Zikanyage mara moja kwa uthabiti, usizipige-pige. Weka pembetatu mbali nyuma ya gari, hasa darajani na kwenye barabara ya Mariakani ambako malori hayawezi kusimama ghafla.

Linazima ukisimama tu

Hapa sikai sana, kwa kuwa mara nyingi ni uchafu. Mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga akseleta, ule mafundi tunauita throto, unajipaka masizi kandokando. Ukiachia akseleta hewa inayopita haitoshi, na ukiongezea mzigo wa easi injini inazima. Usafishe kwa dawa yake na kitambaa laini, bila kuulazimisha kwa kidole kama unaendeshwa kwa mota. Ukimaliza, gari litanguruma ovyo kwa muda mpaka kompyuta ijifunze upya, usiogope.

Kinyume chake ni hewa ya wizi, inayoingia kupitia mpira uliopasuka baada ya kipima hewa. Injini inatetemeka ikiwa imesimama, na ukipiga resi inatulia. Sikiliza mluzi, kagua kila mpira kwa kuukunja, maana nyufa hujificha mpaka uukunje.

Chumvi

Sisi watu wa kisiwani tunaishi ndani ya upepo wa bahari, na vitabu vya magari havikuandikwa Mombasa. Gari lililokaa Nyali au Shelly Beach miaka mitano lina kutu mahali ambapo gari la Nairobi halina. Kutu hiyo haiangushi bodi kwanza. Inaanza na viungo vya umeme. Umeme unaorudi kwenye betri kupitia athi mbovu unatafuta njia nyingine, kupitia nyaya za sensa na kebo ya gia, na kompyuta inapata habari za uongo. Ndipo gari linamisi silinda tofauti kila siku, taa zinafifia ukipiga honi, P0300 inakuja na kuondoka, na kila spea mpya inaonekana kusaidia kwa siku mbili.

Kuipima athi unahitaji maltimita ya bei ndogo. Weka waya mmoja kwenye ncha hasi ya betri, mwingine kwenye chuma safi cha injini, mtu apige stata. Kama inazidi volti 0.3 hivi, athi inakula umeme. Rudia kati ya ncha hasi na bodi. Kisha pima betri yenyewe: injini imezimwa tangu asubuhi, iwe karibu 12.6, injini inawaka, kati ya 13.8 na 14.4. Gari linalozima usiku wa mvua tu, taa na waipa na feni zote zikifanya kazi, lina alteneta (mashine ya kuchaji betri) iliyochoka mpaka uthibitishe vinginevyo.

Fungua bolti za athi zote, kwangua, funga, kisha paka grisi juu. Soketi zenye kijani zisafishwe kwa dawa ya viungo vya umeme na mswaki. Mimi hufanya hivi kwa kila gari linaloingia kwangu na malalamiko ya kumisi, kabla ya kumwambia mwenyewe anunue chochote.

Vitu vilivyoongezwa

Gari likikatika kama taa, uliza nani aliwahi kulikata nyaya. Alamu, kifuatiliaji cha mkopo chenye relei ya kuzima injini, redio kubwa: vyote hufungwa kwa kukata waya wa swichi na kuunga kwa kukunja, bila kulehemu, na utepe unaolegea kwa joto. Matatu nazo zina kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sharti lililoanza kusimamiwa Februari 2004 chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki. Kidhibiti kikiharibika, matatu inashtuka na kukosa nguvu hata ikienda 50. Rudisha kwa aliyepewa leseni ya kukifunga. Usikate waya mwenyewe ukasafirisha abiria hivyo. Shika pia bunda la funguo lenye kilo ya vyuma na ulitikise injini ikiwaka. Ikizima, swichi imelika.

Thamostati na maji ya kisima

Hapa nasema kwa uchungu. Mafundi wengi wa Pwani huitoa thamostati na kuitupa, eti kwetu kuna joto. Bila thamostati, kwenye barabara ya wazi maji yanazunguka kwenye redieta muda wote na injini haifiki joto lake. Kompyuta inadhani bado ni baridi, inaongeza petroli, plagi zinajaa masizi, gari linamisi na kula mafuta. Mwenye gari anauziwa plagi kila baada ya miezi mitatu. Irudishe thamostati, na kama gari lilikuwa linachemka, tafuta kilichosababisha kuchemka.

Mara nyingi ni maji. Visima vingi vya kisiwani na kandokando ya bahari vina chumvi, na maji yake yanakula redieta, pampu ya maji na silinda hedi ya aluminiamu. Gasketi ya hedi ikianza kuvuja, utaona hivi: asubuhi gari linawaka likitetemeka kwa silinda moja, moshi mweupe wenye harufu tamu kama mna kulanti, dakika mbili baadaye linatulia. Usiku kucha maji yalikuwa yakidondoka ndani ya silinda. Maji yakipungua bila kuonekana yanakomwagika, acha kuongeza na uende ukapimwe gasketi wiki hiyo hiyo.

Tuk-tuk na dizeli

Tuk-tuk ya kabureta ina silinda moja, hivyo ikimisi unaisikia yote. Plagi, maji kwenye bakuli la kabureta, kichujio cha hewa kilicholowa: kwa mpangilio huo. Dizeli haina plagi za cheche, na ikizima anzia kwenye kichujio chenye kitenga maji, ukimwage, kisha utafute hewa inayoingia kwenye mipira ya mafuta.

Kuhakikisha limepona

Gari halijapona kwa sababu linanguruma vizuri uani kwangu. Nafuta namba za hitilafu, natia easi, napanda nalo kutoka Kibarani mpaka Changamwe nikikanyaga akseleta kwa uzito, narudi mjini katika foleni. Nalizima likiwa moto, nakunywa kahawa kwa dakika 15, nawasha tena. Kisha nachomeka mashine kwa mara ya pili, maana kuna hitilafu ambazo kompyuta hurekodi kabla taa haijawaka. Probox ya yule mzee ilipita majaribio hayo yote, na nikamrudishia kigunia chake. Zile koili mbili nilimwambia azihifadhi, bado zina miaka ya kufanya kazi.